Safu ya Gazeti Darasani: Kumbukumbu za Msahihishaji

Utangulizi

Makala haya yametokana na neno moja nililoliandika kwa wino mwekundu mnamo mwaka 2014. Neno lenyewe ni "Haihusiki". Nililiandika mara tatu pambizoni mwa insha ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nikampa alama ya C, kisha nikamshauri, kwa upole wa mwalimu asiyetaka kujadiliana, kwamba siku nyingine achague matini ya fasihi. Wakati huo sikuwa nimetimiza miaka miwili tangu nitunukiwe shahada ya uzamifu, na nilikuwa na bidii ya bawabu mpya: kila aliyefika mlangoni nilimtaka cheti.

Zoezi nililokuwa nimelitoa lilikuwa jepesi kulieleza. Mwanafunzi achague matini fupi ya nathari na kuihakiki kwa maneno elfu moja na mia tano. Nilitarajia hadithi fupi, kama ilivyokuwa ada, na wenzake karibu wote waliniletea hadithi fupi. Yeye alileta safu ya gazeti. Nia yangu hapa si kutubu hadharani, kwani toba ya mwalimu haimrudishii mwanafunzi alama zake. Nia ni kuchunguza ni kipi hasa nilichoshindwa kukiona, kwa nini nilishindwa, na ni vipi matini ya aina hii inavyoweza kuhakikiwa darasani bila kudunishwa na bila kupambwa kwa sifa isizostahili.

Daftari la mzee

Babu yake mwanafunzi huyo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyekuwa akilima pareto upande wa Molo, alikuwa na mazoea ya kukata safu ya mwandishi mmoja kila ilipotoka katika gazeti la Kiswahili alilolisoma, na kuibandika kwa uji wa unga katika daftari kubwa. Safu zenyewe zilikuwa za miaka ya 1990. Kando ya kila moja mzee aliandika kwa penseli. Pengine aliandika neno moja tu: "Kweli." Pengine: "Hapana." Pengine aliuliza: "Na bei ya pareto je?"

Mwanafunzi alizifuata safu ishirini na mbili mfululizo, akatoa dai ambalo leo ningelisoma kwa kusimama. Alionyesha kwamba mwandishi alianza kwa kuwataja wakulima katika nafsi ya tatu, naye mzee akawa anamjibu wiki baada ya wiki, mara akikubali, mara akipinga. Kisha, katikati ya mfululizo huo, mwandishi akaanza kusema "sisi wakulima". Pambizoni mwa safu hiyo mzee aliandika maneno matatu: "Wewe na nani?" Tangu hapo hakuandika tena. Aliendelea kukata na kubandika, lakini pambizo zikabaki nyeupe. Hitimisho la mwanafunzi lilikuwa kwamba kiwakilishi kilichokusudiwa kumkaribisha msomaji ndicho kilichomfukuza. Kwamba mkulima aliyekuwa tayari kubishana na mtu wa mjini hakuwa tayari kusemewa naye.

Hapo ndipo nilipoandika "Haihusiki". Ningeulizwa sababu, ningesema kwamba msomaji halisi si sehemu ya matini, na kwamba penseli ya mzee ni habari ya ukoo wala si ushahidi wa kihakiki. Chini ya ukurasa wa mwisho nilimtaka anionyeshe tashbihi na takriri.

Mazoea mawili

Nikijaribu kuwa mwadilifu kwa yule kijana niliyekuwa, naona kwamba alipotoshwa na mazoea mawili ambayo bado tunayo katika idara zetu.

La kwanza ni zoea la orodha. Wengi wetu tuliopitia mfumo wa 8-4-4 tulifunzwa kuhakiki kwa kujaza visanduku: dhamira, wahusika, mandhari, mbinu za lugha. Vitabu teule vilikuwa na miongozo, na miongozo ilikuwa na visanduku. Sivibezi vigezo hivi. Vimetusaidia kuingia katika riwaya na tamthilia nyingi. Lakini safu ya gazeti aghalabu haina msuko wala mhusika mkuu, na mwanafunzi anayeilazimisha kuingia katika visanduku hivyo hutoka na mifupa mitupu: mwandishi ametumia methali, mwandishi ametumia swali la balagha, mwandishi ametumia kejeli. Visanduku visipojaa, tunahitimisha kwamba matini ndiyo iliyo tupu. Hatujiulizi kama kisanduku ndicho kisichofaa.

Chukua methali kama mfano. Tuseme mwandishi wa safu analalamikia gharama za harusi na kukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kusema kwamba "ametumia methali ili kuonya" ni kusema jambo ambalo hata asiyesoma safu hiyo angelikisia. Swali lenye manufaa ni jingine: ukuta ni wa nani? Nani anauona ufa, na nani anaambiwa auzibe kwa fedha zake? Katika riwaya methali hupewa mhusika, nasi tunaweza kumpima mhusika kwayo. Katika safu methali haina kinywa kingine cha kujificha nyuma yake. Mwandishi huiazima kutoka kwa wote ili aseme jambo ambalo pengine si wote wanaokubaliana nalo. Hapo ndipo penye kazi ya mhakiki.

Zoea la pili ni heshima ya jalada. Kilichojalidiwa tunakiinamia, kilichokunjwa na kufungia nyama tunakidharau. Historia ya fasihi yetu yenyewe inatukosoa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa walioyatuma. Hakuna mhakiki anayeona haya kuyaita mashairi hayo fasihi. Shaaban Robert huyohuyo alipochapisha Kielezo cha Insha mjini Johannesburg mwaka 1954, tuliipokea kama nathari ya kisanaa. Basi shairi la gazetini ni fasihi, na insha ya kitabuni ni fasihi, ila insha ya gazetini ni habari tu. Nimejaribu kuitetea mantiki hiyo mbele ya wanafunzi nikashindwa.

Karatasi kabla ya kitabu

Mnamo Machi 2020 vyuo vikuu vyetu vilifungwa kwa sababu ya korona, na mwezi uliofuata tukampoteza Ken Walibora. Katika risala za rambirambi tulizoandikiana wanaidara, karibu kila mmoja wetu alitaja Siku Njema ya mwaka 1996 na Kidagaa Kimemwozea. Safu yake katika Taifa Leo, ambayo baadhi yetu tuliisoma mara nyingi kuliko tulivyozisoma riwaya hizo, ilitajwa na mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa mimi. Ukimya huo ndio ulionirudishia daftari la mzee wa Molo akilini.

Katika miezi hiyo ya kukaa nyumbani nilikisoma upya kitabu cha Uwongozi cha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika toleo la Kiswahili na Kiingereza lililohaririwa na Kai Kresse na kutafsiriwa naye pamoja na Hassan Mwakimako mwaka 2017. Nilikuwa nimekitaja mara nyingi katika mihadhara kama kielelezo cha nathari ya mawaidha ya Mombasa. Sikuwa nimewahi kusimama juu ya jambo lililo wazi, kwamba kabla ya kuwa kitabu kilikuwa karatasi. Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa mwaka 1891 na aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kufa kwake mwaka 1947, alianza mwaka 1930 kutoa kijarida kilichoitwa Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah. Kwa mbali ulisikika mwangwi wa wanamageuzi wa Misri na jarida lao la Al-Manar. Kwa karibu kulikuwa na majirani zake, aliowaasa kuhusu elimu ya watoto wa kiume na wa kike, ufujaji wa mali katika sherehe, na kuiga mambo ya wageni bila kupima. Makala hayo yalikusanywa na kufanywa kitabu mwaka 1944. Jalada ndilo lililonifanya niyaheshimu. Mwanafunzi wangu alikuwa ameniletea kitu cha jinsi ileile, ila bado hakijajalidiwa.

Nikaamua kuyasoma makala hayo kwa maswali ya lile daftari. La kwanza lilikuwa juu ya hati. Hati za Kiarabu ziliwachagua wasomaji: ziliwakaribisha waliopitia chuo cha Kurani hata kama hawakuingia shule ya serikali, na zikamwacha nje mtu aliyejua hati za Kirumi peke yake. Kitabu tulicho nacho leo, kwa hati za Kirumi, kimemfungulia mlango kila mtu, na kwa kufanya hivyo kimetuficha kwamba mlango ulikuwapo.

La pili lilikuwa juu ya wakati. Karipio juu ya ufujaji, likisomwa bila tarehe, huonekana kuwa wasia wa milele, wa aina ambayo mwanafunzi huuweka chini ya kichwa cha "dhamira ya uadilifu" kisha akaendelea na safari. Lakini mdororo wa uchumi wa dunia ulianza mwaka 1929, na bei za mazao zikaporomoka. Yamkini anayeambiwa apunguze gharama za karamu katika miaka hiyo hakuusikia wasia kama tunavyousikia sisi.

La tatu, na zito zaidi, lilikuwa juu ya nafsi. Mhubiri anayesema "ninyi" anakaripia. Anayesema "sisi" anajitwika sehemu ya aibu, na papo hapo anaamua nani ni wa kundi. Katika Mombasa ya wakati ule kuamua hivyo hakukuwa jambo dogo. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa makundi ya Waarabu, Wahindi na "wenyeji", na kila kundi lilikuwa na haki zake na mizigo yake. Msomaji wa Sahifa aliyekutana na "sisi" aliweza kuuliza: sisi Waislamu? Sisi watu wa pwani? Sisi wenye nasaba fulani? Nilipofika hapo niligundua kwamba nilikuwa narudia, kwa maneno mengi, yale matatu ya mzee: "Wewe na nani?"

Tofauti iliyopo inafundisha vilevile. Sheikh aliishi miongoni mwa aliowaandikia. Waliokuwa wakisoma karatasi yake waliweza kukutana naye msikitini na njiani, wakampima kwa mwenendo wake. Yule mwandishi wa safu wa miaka ya 1990 alisema "sisi wakulima" kwa watu ambao hawangeweza kumwona akiwa na jembe. Kiwakilishi ni kilekile, lakini dhamana yake si moja. Mwanazuoni wa Kirusi Bakhtin alitufunza kwamba kila usemi una unayemwelekea na kwamba hungojea jibu. Nilikuwa nikilifundisha wazo hilo kila muhula. Jibu lilipoletwa mezani kwangu, limeandikwa kwa penseli, nilisema halihusiki.

Zoezi lilivyo sasa

Tangu 2021 nimelibadilisha zoezi lile. Naeleza hapa mpango wake kwa sababu baadhi ya wenzangu wameuliza.

Kwanza, mwanafunzi haruhusiwi kuhakiki safu moja kabla ya kusoma angalau kumi za mwandishi huyohuyo kwa utaratibu wa tarehe. Safu moja ikitengwa na nyingine ni kama kusikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu. Katika kumi ndipo mazoea hujitokeza: namna ya kuanza, namna ya kuaga, jina analomwitia msomaji, mambo ambayo hayagusi kamwe. Na ni katika mazoea tu ndipo mkengeuko huonekana. Bila zile safu za nafsi ya tatu, "sisi wakulima" ingepita kama maneno mengine.

Pili, aichunguze nafsi inayosema "mimi". Wanafunzi huandika kwa wepesi kwamba "mwandishi aliugua" au "mwandishi ni mtu wa watu", kana kwamba safu ni hati ya kiapo. "Mimi" wa safu hujengwa wiki baada ya wiki, kama mhusika, na huenda akalingana na mwenye jina au asilingane. Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo: kusahau kwamba, tofauti na msimulizi wa riwaya, "mimi" huyu amejifunga kwa jina halisi na anaweza kudaiwa ukweli. Uhakiki mzuri huyashika yote mawili bila kuachia moja.

Tatu, aitafute hadhira ndani ya lugha yenyewe. Ni neno gani limefafanuliwa, na lipi limeachwa bila ufafanuzi kwa kuwa msomaji anadhaniwa kulijua? Nani anaitwa "sisi", nani "wao", nani hatajwi? Akiweza kupata ushahidi wa nje, kama barua kwa mhariri, shairi la kujibu au maandishi ya pambizoni, autumie, mradi aeleze unathibitisha nini na hauthibitishi nini. Mzee mmoja wa Molo si wasomaji wote. Ila ni msomaji mmoja wa hakika, na dhana zetu nyingi juu ya hadhira hazina hata huyo mmoja.

Nne, airudishe safu kwenye juma lake. Gazeti la siku hiyo lilibeba habari gani? Kejeli nyingi hufa tarehe inapopotea, na zikifa mwanafunzi huziita "lugha ya kawaida".

Mwisho, insha iwe na dai moja linaloweza kupingwa. Visanduku nimevipiga marufuku katika zoezi hili, si kwa sababu havina kazi, bali kwa sababu vinampa mwanafunzi namna ya kujaza kurasa bila kusema neno. Tamathali ya usemi itajwe pale tu inapolibeba dai.

Sidai kwamba mpango huu ni dawa. Muhula wa kwanza wengi walilalamika kwamba sijawaambia "wanachotakiwa kutafuta". Baadhi waligeuza uchunguzi wa nafsi kuwa umbeya juu ya maisha ya mwandishi. Aidha, safu nyingi ni hafifu, na usomaji wa kumi mfululizo huudhihirisha uhafifu huo bila huruma: mzaha uleule, methali ileile, hasira isiyo na anwani. Hili sioni kama hasara. Mwanafunzi mmoja alianza akimpenda sana mwandishi wake, akamaliza kwa kuonyesha kwamba katika safu kumi na nne hakuwahi kuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari. Huo ni uhakiki. Kuukubali utanzu katika darasa la fasihi ni kukubali upimwe, na waliouzuia mlangoni, mimi nikiwamo, waliunyima heshima hiyo pia.

Hitimisho

Mwaka 2022 nilipata anwani ya yule mwanafunzi, sasa akiwa mwalimu wa shule ya upili, nikamwandikia. Nilimweleza kwamba insha yake ilistahili A, kwamba alama rasmi haibadiliki baada ya miaka minane, na kwamba ningependa, akiniruhusu, tuandike pamoja makala juu ya daftari la babu yake. Jibu lake lilikuwa fupi na la adabu. Alishukuru. Alisema babu alifariki, nyumba ikagawanywa, na karatasi zote zikauzwa kwa kilo. Yeye mwenyewe, aliongeza, hakuona sababu ya kulidai daftari, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba halihusiki.

Nakala ya insha yake nayo haipo. Karatasi za wanafunzi hatuziweki muda wote huo. Kilichobaki ni ninachokikumbuka mimi, nami ni shahidi ambaye siku ile hakuwa akisoma kwa makini. Safu zenyewe huenda ziko katika hifadhi za gazeti. Majibu ya penseli hayako popote. Makala ya Sheikh Al-Amin yalisalimika kwa sababu kuna waliohukumu kwamba karatasi za mtaani zinafaa kukusanywa. Hukumu ya aina hiyohiyo ilikuwa mikononi mwangu mwaka 2014, nikidhani ninasahihisha insha tu.

Ninachowaomba wenzangu wanaofundisha nathari si kikubwa. Mwanafunzi akileta mezani matini ambayo hatukuitarajia, tuisome kabla ya kuiuliza cheti. Na kama imeandikwa pambizoni, tuanzie pambizoni.